Kobra Inabamba, Lakini Rada Ndio Inamada

Paris, Juni 1989. Uwanja wa Le Bourget umejaa wazito wa majeshi, wale wa kuuza ndege na wale wa kununua. Pailoti Mrusi anaitwa Viktor Pugachev anapita mbele yao na Su-27, ndege ya karibu mita 22. Anapunguza spidi, alafu ghafla anavuta mdomo juu. Mdomo unapita nyuzi 90, unaendelea hadi ndege inaangalia kwenye ilitoka. Tumbo ndio inakata hewa, na bado inasonga mbele, haipandi, haianguki. Sekunde chache, mdomo unashuka, jamaa anaendelea na safari yake. Hiyo move ikapewa jina Kobra, na wasee wa ndege hawajawahi tulia tangu siku hiyo.

Kitu wengi husahau ni venye show hiyo hiyo ilianza na ngori. MiG-29 ya Anatoly Kvochur ilikuwa chini, polepole, mdomo juu, ikionyesha vile inaeza kukaa hewani bila spidi. Ndege wa manyoya akaingia kwa injini. Kvochur alichomoka na kiti sekunde ya mwisho kabisa na akapona, lakini dege ilijichimbia kwa nyasi mbele ya umati. Hauna spidi, hauna urefu, hauna pa kwenda. Ka unataka kujua kwa nini mapailoti wa vita huogopa kukaa polepole, hiyo klipu inakuelezea kuliko kitabu.

Leo ukiingia TikTok saa yoyote utapata Su-35 ama Su-57 inajizungusha ikiwa karibu imesimama, ngoma imewekwa chini, likes mob. Na base zetu za mtaa zinagawanyika mara mbili. Kuna wenye wanasema Mrusi alimaliza mchezo kitambo, hakuna mtu anaeza kumshika. Kuna wenye wanasema chenga zote ni za bure, siku hizi unabonyeza button ukiwa mbali na unarudi home kudishi. Mimi nazipenda hizi ndege kuliko kitu ingine yoyote inapaa, na nimekaa na hii stori miaka. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakosea, lakini hazikosei sawa. Mambo ya Kobra imepewa sifa haistahili, na ule wepesi wa kawaida, wa kukata kona ukiwa bado na spidi, umenyimwa sifa zake.

Tuanze na hesabu, juu hapa ndio kila kitu inakaa. Jeshi la anga la Marekani lilikuwa na jamaa anaitwa John Boyd, mwalimu wa mapailoti kule Nellis, Nevada. Sifa yake ilikuwa moja: anakuacha ukae nyuma ya mkia wake, mahali pazuri kabisa pa kummada, alafu kabla sekunde 40 ziishe yeye ndio ako nyuma yako. Miaka ya 60 akakaa chini na mtu wa hesabu, Thomas Christie, wakatoa formula yenye ilibadilisha vile ndege za vita hutengenezwa. Chukua nguvu ya injini, toa nguvu ya hewa inayokuvuta nyuma, zidisha na spidi, gawa na uzito. Jibu linakuambia hiyo ndege, mahali iko saa hiyo, imebakisha uwezo gani wa kupanda, kukimbia ama kukata kona. F-15 na F-16 zilizaliwa kutoka kwa hiyo fikra.

Spidi na urefu ni float ya M-Pesa. Kila kona kali ni kutoa doo. Ukitoa kwa mpango, injini inakurudishia pole pole na duka halifungi. Kobra ni kutoa float yote kwa mteja mmoja: umeingia na kama kilomita 400 kwa saa, umetoka ukiwa karibu umesimama, na mteja wa pili ashafika kwa dirisha na hauna kitu ya kumpea.

Huyo mteja wa pili ndio shida yote. Angani hakuna mtu hutembea solo. Ndege za vita huenda mbili mbili ama nne nne, na kwa vita kubwa kuna mbogi nzima pande zote. Unaeza mchezea msee wa kwanza akapita mbele yako ameduwaa, lakini beste yake ako juu, ako na spidi yake yote, na wewe umesimama tu hapo hewani umeonyesha mgongo.

Enyewe lazima tuwape haki wenye waliamini. Miaka ya 90 mwanzoni Marekani na Ujerumani walitengeneza ndege ya majaribio, X-31, kutoka kwa fikra za Mjerumani Wolfgang Herbst. Alisema ndege ikiweza kupita pale mabawa yanashindwa kubeba, na bado iongozwe, itageuka mahali ingine haiezi. Nyuma ya injini waliweka mabamba matatu ya kusukuma moto kando. Ikapelekwa California kupimwa na F/A-18, mmoja kwa mmoja, karibu karibu. X-31 ilishinda nyingi mno. So msee akikuambia hizo chenga hazifanyi kazi kabisa, mwambie azisome hizo test. Zinafanya kazi. Zinafanya kazi pale mko wawili tu, mmeshakutana, na hakuna mwingine anakuja.

Sasa toka kwa test uingie kwa mazoezi makubwa. Mwaka 2008 India ilipeleka Su-30MKI zake Marekani, ndege zenye nozeli, pale moto hutokea nyuma ya injini, zinapinda. Kanali mmoja Mmarekani alieleza baadaye kile waliona: Mhindi akipindisha nozeli ndege inageuka vizuri, lakini mkia unadondoka na dege inaanza kuzama, na F-15 yenye iko juu inashuka tu na bunduki. Mwaka 2012 Wajerumani wakaenda Alaska na Typhoon kupambana na F-22, ndege ya Wamarekani yenye pia inapindisha nozeli. Stori walirudi nayo ilikuwa hiyo hiyo. Ukiwa mbali na F-22 umeisha. Ukifika karibu naye na aanze kuzungusha mdomo kwa nguvu, anapoteza spidi, na hapo ndio unapata nafasi.

Alafu kuna helmeti. Hii ndio sehemu inanibamba kuliko zote, juu ni Warusi wenyewe waliharibu biashara ya Kobra kabla hata Paris iione. Miaka ya 80, MiG-29 na Su-27 zilikuwa na kombora fupi inaitwa R-73, pamoja na kifaa kwa helmeti yenye inaonyesha kombora mahali pailoti anaangalia. Geuza kichwa, muone adui kando ya bega, kombora imeshamshika, rusha. Ujerumani ilipoungana mwaka 1990, MiG-29 za Mashariki zikaingia mikononi mwa upande wa Magharibi, wakazipima na F-16 zao, na wakashtuka. Pailoti mzuri kwa ndege nzuri alikuwa anapigwa kabla amalize kugeuza mdomo. Hapo ndio pesa zilitoka fasta kwa kombora mpya: AIM-9X ya Wamarekani, IRIS-T ya Wajerumani na wenzao, na helmeti za kuendana nazo.

Fikiria hiyo vizuri. Kazi yote ya Kobra na chenga za Herbst ni kugeuza mdomo wa ndege haraka umwangalie adui. Ka shingo yako inaeza kufanya hiyo kazi, kwa nini utoe float yote kugeuza tani 20 za chuma? Na kombora haichoki. Mwanadamu mwenye amefunzwa, na suti ya kubana miguu na tumbo, hufika 9G. Hapo msee wa kilo 70 anahisi kilo 630, damu inashuka kutoka kwa ubongo, macho yanaanza kuona giza. R-73 inakata kona ya G mara kadhaa zaidi ya hizo na haina damu ya kupoteza. Ndio maana siku hizi ndege mbili za kisasa zikikutana karibu, uwezekano mkubwa ni wote wawili kurusha na wote wawili kudedi. Hakuna pailoti mwenye akili anatafuta hiyo.

Uingereza pia iko na stori ya hii aina. Vita vya Falklands 1982, Sea Harrier zilikuwa zinaeza kupindisha nozeli hewani na kufunga breki ghafla ndio adui apite mbele. Dunia nzima iliamini hiyo ndio siri ya ushindi wao dhidi ya Argentina. Mapailoti wenyewe wakasema hapana, hawakuitumia kumada mtu. Kazi ilifanywa na kombora ya AIM-9L na mafunzo.

Sasa nigeukie ule upande wa button na kurudi home. Nyinyi pia mna deni ya kihistoria. Vietnam, Wamarekani waliamini hivyo hivyo. F-4 Phantom iliingia vita bila bunduki ndani, juu waliamua kombora zimemaliza ngumi za karibu. Kombora ya Sparrow ilimada karibu moja kati ya kumi zilizorushwa. MiG-17, ndege ya zamani na nyepesi, ikawa inawaingiza kwa kona na kuwapiga na bunduki. Ilibidi warudi shule, shule kabisa: Machi 1969 wanamaji wakafungua Topgun huko Miramar, California, wakafunza mapailoti upya venye unapigana na ndege yenye haifanani na yako. Kabla ya hapo walikuwa wanaangusha kama 2 kwa kila 1 wanapoteza. Vita ilipoisha ilikuwa zaidi ya 10 kwa 1. Ndege ilikuwa ile ile Phantom.

Na hii sio stori ya wazee pekee. Hapa karibu na sisi, Februari 1999, Ethiopia na Eritrea walipigana juu ya mpaka wao, Su-27 dhidi ya MiG-29, familia mbili zilizotoka kiwanda za Sovieti. Ripoti zenye zilitoka zinasema R-27, kombora za mbali, zilirushwa kadhaa na nyingi zikakosa, na kazi ikaisha kwa kombora za karibu. Juni 2017, Syria, pailoti Mmarekani kwa F/A-18 alikuwa nyuma ya Su-22, anaiona na macho yake. Hakuruhusiwa kupiga kutoka mbali bila kuwa sure ni nani na anafanya nini. Alirusha AIM-9X, ile ya kisasa kabisa. Ikakosa. Akarusha ya pili, AMRAAM, ikapiga. Kwa hivyo usiambiwe kukutana karibu kumeisha. Sheria za vita zinalazimisha watu kusogea ndio wathibitishe, na kuna sababu: Aprili 1994 F-15 mbili za Marekani ziliangusha helikopta mbili za Marekani juu ya Iraq kaskazini, watu 26 wakadedi, juu ya kutomjua mtu.

Lakini upepo wa jumla unaenda wapi, hiyo iko wazi. Angalia Ukraine. Su-35 ndio mfalme wa chenga duniani, hakuna ndege ya vita inazunguka hivyo kwa show. Warusi wanaifanyia nini kwa vita ya ukweli? Wanaipandisha juu, wanaipea spidi, na inarusha kombora ya R-37M kwa ndege yenye iko zaidi ya kilomita 100, alafu inageuka na kuhepa. Zile nozeli za kupinda zinabebwa tu ka mzigo. Mei 2025, India na Pakistan wakakabiliana, kila mtu kwa upande wake wa mpaka. Pakistan ikasema J-10C zake zimeangusha ndege za India pamoja na Rafale. India ikakubali ilipoteza ndege, idadi ikaficha. Rafale ni nyepesi mno kwa kona, kila mtu ameiona kwa show. Hapo hakukuwa na kona ya kukata.

Kenye inaamua siku hizi ni nani anaona kwanza, nani anajificha kwa rada ya mwenzake, nani ako na ndege ya rada nyuma yake inampea picha, na kombora ya nani inafika mbali. Mtafiti John Stillion alipitia ushindi wa angani zaidi ya 1,400 tangu 1965 na mwaka 2015 akaandika kitu kama hicho: sensa na kombora zimepanda thamani, spidi na kona zimeshuka. Nakubaliana naye sehemu kubwa. Pale sikubaliani ni akienda mpaka mwisho na kuona ndege kubwa nzito inaeza kufanya hii kazi.

Juu kuna mtu mmoja unafaa kumjua. Emmett Tullia, pailoti Mmarekani, 19 Januari 1991, mchana, juu ya Baghdad, ndani ya F-16. Vifaa vyake vya kumwaga vitu vya kudanganya kombora havikufanya kazi. Kombora za kutoka ardhini zikamjia, sita, moja baada ya nyingine. Alizihepa zote na mikono yake. Kuna rekodi ya sauti ya hiyo siku na ukisikia pumzi ya huyo jamaa hautasema tena wepesi hauna maana.

Alihepa aje? Hapa ndio sayansi inakuwa tamu. Injini ya kombora nyingi inawaka sekunde chache tu, alafu imeisha. Kutoka hapo inateleza na spidi ilijipatia, na kila ikikata kona inapoteza. Pailoti anaiona, anasubiri, anaivuta upande mmoja ikate kona, alafu anabadilisha ghafla karibu kabisa. Ikiwa imetoka mbali na imechoka, haitoshi kumfuata. Ikiwa ni ya rada, unajigeuza kando na rada ya adui ndio usionekane ukimkaribia ama ukienda, unachanganyika na ardhi. Ama unageuka tu mkia na kukimbia na spidi yote mpaka iishe nguvu. Hizi zote zinataka ndege yenye inageuka kali bila kupoteza spidi na inarudisha spidi fasta. Kobra inakuacha umesimama, na kitu imesimama ndio kombora inapenda. Siku hiyo hiyo ya Tullia, F-15 ya Cesar Rodriguez ilishuka kwa mduara na MiG-29 ya Iraq karibu na ardhi. Mwiraq alijaribu kumalizia kona yake akashukia chini, urefu ukamwisha, akagonga jangwa. Rodriguez hakurusha kitu na akapewa huo ushindi.

Na ka unataka mfano wa Kenya, tuko nao. Tarehe 1 Agosti 1982, jaribio la mapinduzi, waasi walilazimisha mapailoti wa Nanyuki kupaa na mabomu, F-5 mbili na Strikemaster moja, kwenda kupiga State House. Koplo mwenye bunduki akapanda na Meja David Mutua. Mutua alijua huyo msee hajazoea G. Akawaambia wenzake kwa redio wazichezeshe ndege. Zile kona zikamchanganya koplo kabisa, mabomu yakamwagwa msitu wa Mlima Kenya, wakarudi base. State House iliponea hayo mabomu kwa sababu ya kona kali ya F-5, ndege ndogo, na pailoti mwenye alijua mwili wa binadamu unafika wapi.

Mwili ndio swali linalobaki, juu inaonekana utatolewa kwa hii hesabu. Agosti 2020 programu ya kompyuta ilipiga pailoti wa F-16 5 kwa 0 ndani ya simuleta. Mwaka 2023 ikapelekwa hewani kabisa, kwa ndege inaitwa X-62A, kupambana na F-16 yenye mtu. Hiyo X-62A ndio ile ile F-16 ilifungwa nozeli ya kupinda miaka ya 90 kujaribu chenga za Herbst. Bila msee ndani, 9G sio ukuta tena. Lakini formula ya Boyd bado inasimama: hata kompyuta ikikata kona lazima ilipie na spidi. Na yenye itaona kwanza bado itarusha kwanza.

Hizi stori zinatuhusu. Uganda ilinunua Su-30MK2 sita, zikaanza kufika Entebbe mwaka 2011, na bei ilileta kelele hadi bunge. Wengi walizisifia kwa chenga walizoona kwa klipu, na MK2 haina hata nozeli za kupinda. F-5 za Kenya zilianza kufika 1978, na siku moja zitabadilishwa, kwa ganji yetu. Muuzaji atakuja na klipu ya ndege inasimama hewani, ngoma chini. Wasee, siku hiyo tuulize rada yake inaona umbali gani, inakuja na kombora zipi na zinarushwa kwa ruhusa ya nani, vipuri vinatoka wapi vita ikianza. Na tuulize pailoti ataruka masaa mangapi kwa mwaka, juu hilo jibu ndio hukuwanga gumu kupata.